Chura wa Sura ya Saba

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata mbinu. Sura ya saba ya riwaya imefika, Kiitaliano kitupu, misemo kila ukurasa. Kazi yetu imegawanywa hivi: mimi natafsiri kwa Kiingereza, Triza anasoma kwa sauti katika saluni ya dadake, mtaa wa Mowlem. Wateja wakiendelea na umbea, sentensi imepita. Wakigeuka kumtazama, Kiingereza kimekaa vibaya, nirudie.

Shida ni kwamba sura ya sita ilipita yote. Triza hakuwa na sababu ya kunipigia. Sijui hata kama amesuka au amenyoa.

Basi nitajifanya sielewi misemo, niwe namuuliza yeye. Naanza na "mani bucate", mikono yenye matundu, yaani mtu asiyekaa na pesa. Kiitaliano tulijifunza pamoja kwa masista, dawati moja. "Sputa il rospo", tema chura, yaani sema unachoficha, naweka akiba. Huo nitaupeleka Mowlem mwenyewe, nimuulize ana kwa ana.

Jumatano, 11 Juni

Triza amejibu kwa neno moja: mbadhirifu. Hata salamu hakuna.

Nikatuma "acqua in bocca", maji mdomoni, wanavyosema wakitaka siri ikae. Akauliza kama ninaumwa. Ameuliza afya yangu! Nimetembea mtaa mzima wa Umoja nikitabasamu.

Alhamisi, 12 Juni

Amenyamaza tena. Nimehamishia maswali kwenye kundi la WhatsApp la kazi, alipo Bi Wacera, mhariri wetu. Mbele ya mhariri Triza hawezi kunipuuza. Nimeuliza "in bocca al lupo", mdomoni mwa mbwa mwitu. Aliyeanza Kiitaliano juzi anajua ni kumtakia mtu heri.

Aliyejibu ni Ndirangu. Ndirangu wa nyumba ya chini yangu, aliyekuwa dereva wa wakandarasi Waitaliano mpaka akaanza kuongea kwa mikono kama wao. Nimeuliza nani alimwingiza kwenye kundi. Bi Wacera akasema ni yeye, baada ya kuona maswali yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Bi Wacera amenipigia. Alikuwa mpole sana, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema anashangaa zile sura sita zilitafsiriwa na nani. Ningesema ni mimi, angeuliza kwa nini sasa sijui kitu.

Sura ya saba amepewa Ndirangu. Ananipita kwenye ngazi akipiga mluzi. Amesema kazi ataipeleka saluni kwa mkono, mambo ya simu hayana heshima. Mbona sikumtangulia?

Ninamkumbuka Triza mpaka chakula hakipiti. Sura sita nzima sentensi zangu zimekaa mdomoni mwake. Kesho zitakaa za Ndirangu.

Jumapili, 15 Juni

Triza amekuja. Ametoka kanisani moja kwa moja, na viatu vya kisigino, ngazi zote mpaka mlangoni kwangu. Amesuka. Alisema ameniletea karatasi zangu za zamani.

Kisha akasema alijua ninajifanya tangu swali la kwanza, kwa sababu mikono yenye matundu ni mimi niliyemweleza, kwa masista. Aliyasoma maswali yangu saluni na wateja wote wakaacha umbea wakageuka. Mama mmoja, nywele nusu zimesukwa, akamwambia huyo kijana hatafuti maana ya maneno.

Triza akasema pia Ndirangu amemwomba waandamane kwao Jumamosi, akawaone wazazi wake. Hajampa jibu. Alitaka kunisikia mimi kwanza.

Nilitazama viatu vyake. Ndipo akasema, kwa sauti ile ya kusoma: "Sputa il rospo, Munyao."

Msemo wangu wa akiba! Chura alikuwa nyuma ya meno kabisa. Nakupenda, usiende Jumamosi. Ni hayo tu. Miaka yote nimelala nayo, nimeamka nayo.

Nikamuuliza msemo huo angeuwekaje kwa Kiingereza cha kawaida.

Akaniwekea karatasi mkononi, akashuka. Nikasikia mlango wa chini ukifunguliwa, Ndirangu akimsalimia "niaje Triza", kisha jozi mbili za viatu zikitoka pamoja kuelekea Mowlem. Nimekaa mlangoni hapa mpaka chai imepoa.

Lakini nimefikiria jambo. Swali langu hakulijibu. Basi nina sababu ya kumpigia kesho.