Miche Sitini ya Kakao Shambani kwa Bibi Tusekile

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Nimekodi shamba! Ekari moja hapa Talatala, msimu mmoja wa karanga. Mwenyewe ni Bibi Tusekile, mjane asiye na maneno mengi. Alitaka tuandikiane. Nikamwambia kalamu aniachie mimi niliyefika kidato cha pili. Nikanakili mkataba wa jirani, mpaka nukta zake. Kuusoma? Wa nini, si nimeuandika mwenyewe! Nakala moja yangu. Yake akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Kaka Yusto kacheka. Yeye ana hati ya kimila ya shamba la baba, kaitundika juu ya kitanda changu. Kila asubuhi ananiamsha: "Mpangaji, kumekucha."

Jumatano, 4 Desemba

Siri kubwa. Kijiweni wanasema huku kwetu ukishapanda mti wa kudumu, shambani hung'oki tena. Ndiyo maana wenye mashamba hukodisha kwa karanga na mpunga tu. Nimetoa baiskeli yangu, nimepata miche sitini ya kakao. Hati itaandikwa jina langu, Lusungu! Nitaitundika juu ya kitanda cha Yusto.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimekutwa! Bibi kasimama mgombani ananitazama nachimba. Nikasema ni biringanya. Akaitikia. Akasema biringanya za namna hiyo hutaka nafasi, hatua nne shimo hadi shimo, na kivuli cha migomba. Nikachimba upya yote sitini. Mchana kaniletea ugali na samaki. Ndaga fijo, Bibi, asante sana. Unamlisha anayekunyang'anya shamba. Nusura nikuonee huruma.

Jumanne, 10 Desemba

Ofisi ya kijiji. Shati la Yusto, bila ruhusa. Nikadai kakao ni zangu, basi na ardhi ni yangu, niandikiwe hati. Mtendaji akamwita Bibi. Bibi akafungua pindo. Mtendaji akasoma mwandiko wangu mzuri: "Mpangaji haruhusiwi kupanda mazao ya kudumu, mfano kakao na migomba. Akipanda, ni ya mwenye shamba."

Akauliza kama sahihi ni yangu. Ni yangu. Ile yenye mkia.

Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Ndaga, mjukuu wangu. Mgongo wangu usingeyaweza mashimo sitini."

Mlangoni alikuwepo Yusto. Kafuata shati lake.

Jumanne, 10 Desemba

Baiskeli sina, kakao sina. Bibi kaniachia nimalize msimu wangu wa karanga. Yusto leo kaniamsha kwa jina jipya: "Mfadhili." Acheke.

Nimeusoma mkataba wote, kwa mara ya kwanza. Umetaja kakao. Umetaja migomba. Michikichi haimo! Nimetafuta juu, chini, hata nyuma ya karatasi. Wajinga hawa, wameacha mlango wazi.

Nimetoa saa yangu ya mkononi, nimepata miche ishirini ya michikichi. Kisha nikaenda kwa Bibi Tusekile kuazima jembe.

Kanipa mawili.