Kompyuta ya Stoo Bado Inahesabu

Jumatatu, 9 Juni

Mtunza stoo ameacha kazi. Msimamizi katutangazia asubuhi, pale kwenye rundo la mchanga. Anataka mtu wa kushika stoo, anayejua kompyuta na mwenye yake. Wiki moja ya majaribio. Ijumaa anahesabu vitu. Hesabu ikikaa sawa, unabaki.

Mkono wangu ulipanda wenyewe.

Sababu ni goti. La kulia. Miaka ishirini na mbili napandisha zege kwa ndoo, sasa linalia kama bawaba. Ghorofa ya nne sifiki bila kukaa njiani mara mbili. Stoo ina kiti. Kiti kina pa kuegemea.

Profesa naye alinyoosha mkono. Ni kibarua kama mimi, ila ana miwani na alifika kidato cha pili, basi saiti nzima haipumui kwa maneno yake. Kauliza kompyuta yangu iko wapi. Nikamwambia iko nyumbani, imepumzika. Si uongo. Binti yangu aliniachia yake ya zamani jana alipokuja kunisalimia. Kanionyesha: bonyeza hapa, subiri, andika hapa. Kwisha.

Msimamizi kanichagua mimi. Nadhani ni umri. Mtu mzuri, ila anatembea kama bata aliyeshiba.

Haya naandika nyuma ya daftari la stoo. Mbele ni vitu, nyuma ni mimi. Tangu mama watoto afariki sina wa kumsimulia. Daftari halinikatizi. Yeye alikuwa ananikatiza sana.

Jumanne, 10 Juni

Kompyuta inaanza kuwaka halafu inaghairi. Inatoa alama, vidoti vinazunguka, vinazunguka, kioo kinakuwa cheusi. Inaanza upya. Asubuhi nzima. Kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kila akifika njiani anarudi.

Nimezima, nimewasha. Nimechomoa betri, nimeipangusa kwa fulana, nimeirudisha. Nimeianika juani nusu saa kama mchanga uliolowa. Imepata moto, akili haijapata.

Nikawaza. Mashine ya kuchanganya zege ikikaa upande haizunguki vizuri. Na meza ya stoo imeinama. Nikatafuta pima maji. Haipo, imeibwa kama kila kitu humu. Nikalaza chupa ya maji juu ya meza, nikapachika vipande vya vigae chini ya mguu mmoja mpaka maji yakatulia. Sasa meza imenyooka kuliko jengo. Kompyuta vilevile.

Binti kapiga simu mchana. Nikamwambia kuna rafiki yangu ana shida hii na hii. Kauliza huyo rafiki amechomeka kitu chochote pembeni. Nikasema hakuna. Basi aipeleke kwa fundi, kasema. Fundi hapana. Mafundi wanaongea.

Vitu naandika kwa kalamu, mbele ya daftari. Daftari liko mapajani, chini ya meza. Mkono mmoja unaandika chini, mwingine unabonyeza kompyuta juu. Kazi ngumu kuliko zege.

Jumatano, 11 Juni

Mtu wa plasta kaja kuchukua mwiko. Kaviona vidoti vinazunguka. Kauliza inafanya nini. Nikasema inahesabu. Kauliza inahesabu nini. Nikasema kila kitu, mpaka cha mwaka jana.

Sijui kwa nini nilisema cha mwaka jana.

Kaondoka bila mwiko. Saa sita karudi na miiko miwili. Eti kaiona njiani.

Saa nane yakaja mabeleshi matatu kwenye toroli, yamefunikwa gunia. Aliyeyaleta kaisalimia kompyuta kabla yangu.

Jioni Profesa kaleta pima maji. Kasema kaiokota. Nikamwambia asante, imeshaingia kwenye mashine. Jasho likamtoka mpaka miwani ikashika ukungu.

Kompyuta nimeigeuza itazame mlangoni.

Alhamisi, 12 Juni

Siku nzuri. Mabeleshi mengine matatu. Nyundo. Nusu mfuko wa misumari, na uzito ule si wa kuokota.

Nimekunywa chai nimekaa. Anayeuza chai hapa saiti ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Katazama mkono wangu wa juu, katazama wa chini. Kasema dada yake alimwonya zamani: mimi nikitulia hivi, kuna jambo. Nikamwomba aongeze sukari.

Kanishauri niseme ukweli kabla ya Ijumaa. Msimamizi hana shida na mtu asiyejua kompyuta, ana shida na mtu wa maneno mengi. Nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Hapana.

Jioni nikapigwa na baridi ghafla. Karatasi ya makabidhiano inasema mabeleshi kumi na nane. Yaliyomo ni ishirini na nne. Hesabu ikizidi nayo si sawa! Nimekaa hapa napanga namna ya kuiba mabeleshi sita kwenye stoo yangu mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi nilijaribu kutoka na mabeleshi mawili. Mlinzi wa geti kanirudisha.

Saa tatu msimamizi kaingia. Nyuma yake Profesa. Kataka kuona hesabu kwenye kompyuta. Nikasema inapata moto. Profesa kasema inapata moto tangu Jumanne.

Hapo shemeji kaingia na sinia la vikombe. Meza haina nafasi.

"Shemeji, hiki kidude cha nini? Kinanizuia kuweka kikombe."

Kakichomoa pembeni ya kompyuta. Flashi ya nyimbo. Niliichomeka mwenyewe Jumatatu jioni, nipate za zamani mbili tatu. Humu sikuiandika, sikuona ni jambo. Binti aliuliza kama kumechomekwa kitu. Mimi flashi sikuihesabu kitu.

Vidoti vikazunguka mara moja, kioo kikafunguka. Picha ya binti yangu na joho la kuhitimu. Kapendeza. Hesabu hakuna.

Msimamizi kabonyeza hapa na pale. Picha tu.

"Mpe daftari," shemeji kasema.

Nikampa. Kasoma mbele, ukurasa kwa ukurasa. Saruji, misumari, nani kachukua, nani karudisha, saa ngapi. Kahesabu stoo nzima kwa kidole. Miiko, nyundo na misumari iliyorudi nilikuwa nimeiandika kama imeingia, ikakaa sawa. Mabeleshi nilikuwa nimeyaficha kwenye daftari, si kwenye stoo: sikuyaandika, lakini yamo. Yamezidi sita. Profesa akawahi kusema hayo yametoka saiti ya jirani, mimi nimeyaiba, na leo asubuhi nimekamatwa nayo getini. Nikakishika kiti kwa mikono yote miwili.

Kiti kilikuwa kinaondoka, nakiona.

Msimamizi kaligeuza daftari. Kakuta huku nyuma. Kasoma kimyakimya kwanza. Halafu Jumatano yote kwa sauti, na mabeleshi yake, na pima maji yake. Profesa akawa anatazama viatu vyake.

Kafunga daftari. Kanitazama.

"Bata?"

Nikamwambia nilitia mkazo kwenye kushiba.

Kacheka mpaka kakaa kwenye kiti changu. Tangu aanze kazi ya ujenzi, kasema, hajawahi kuona stoo iliyoongezeka.

"Kiti chako, Mzee Zege. Tumia daftari, hili dubwana lirudishe nyumbani. Ila usiniambie tena unajua kitu usichokijua."

Nikamwahidi. Nimeahidi mbele ya shemeji, na shemeji hasahau.

Jumamosi, 14 Juni

Nusu siku. Nimekaa yote.

Binti kapiga simu. Nikamwambia yule rafiki yangu kapona, kumbe ilikuwa flashi. Kanieleza kwamba ile kompyuta ilikuwa inatafuta pa kuanzia ndani ya flashi, haipati. Masikini. Wiki nzima inatafuta kwenye nyimbo.

Shemeji kapita nyumbani kuitazama picha ya binti. Kasema ana macho ya dada yake. Kweli anayo. Tukakaa tukaitazama mpaka chaji ikaisha.

Jumatatu, 16 Juni

Stoo. Kiti. Chai.

Saa mbili mpima hajafika, anaumwa. Msimamizi alikuwa anapita mlangoni, anauliza ovyo tu kama kuna mtu anajua ile darubini ya miguu mitatu, ya kupimia jengo kama limenyooka. Hakuniuliza mimi.

Nikasema najua.

Naandikia ghorofa ya nne. Njiani nimekaa mara tano, darubini nzito. Goti limeumuka kama andazi, lakini upepo wa huku mzuri sana. Kiti anakishika Profesa mpaka nishuke. Nilivyogeuka nimemwona kaegemea.

Darubini nimeisimamisha vizuri. Mbele ina kifuniko cheusi cha kuzuia vumbi. Nimekikaza, kisije kikaanguka kikapotea. Nimechungulia kwa jicho la kulia, nimechungulia kwa la kushoto. Giza, lakini giza lililotulia, halijaenda upande wowote.

Msimamizi kanipungia mkono kutoka chini, anauliza vipi. Nimemnyooshea dole gumba. Jengo liko sawa.