Limfoma ya Mpwa Wangu Iliyofanywa Pafu

Ndugu Mkuu wa Kumbukumbu za Wagonjwa,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba saratani hupewa jina la mahali ilipokutwa. Sivyo. Huitwa kwa seli zilizoianzisha. Mpwa wangu, fundi cherehani, ana limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, iliyoota nyuma ya mfupa wa kidari, katikati ya mapafu yake mawili mazima. Idara yako imempa msimbo wa saratani ya pafu. Bima, ambayo haisomi watu bali misimbo, imekataa dawa zake, na uvimbe unazidi kumbana njia ya hewa. Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Hongereni kwa kurahisisha udaktari. Wenzenu hukata kinyama cha uvimbe, wakakitia rangi, wakakichungulia kwa hadubini. Ninyi mmeona kifua, na kifuani kuna pafu, basi. Hadubini iuzwe.

2. Kwa kanuni hiyo, mgeni akikutwa jikoni ni mpishi. Mimi nimeshinda kwenye benchi la korido yenu tangu juzi, hivyo naomba msimbo wa benchi. Huenda nikapakwa vanishi.

3. Karani wenu wa dirishani nilimweleza haya kwa utaratibu, nikianzia chembe nyeupe za damu. Akanijibu kwamba yeye huandika alichoandikiwa. Sijafika hata kwenye tezi, walio nyuma yangu wakaanza: babu, fupisha, na sisi tuna wagonjwa! Watu hawataki tena kuelimishwa bure.

4. Kwa kuwa faili halikosei, mapafu ya mpwa wangu yaamriwe kuugua mara moja. Yakikaidi, yashitakiwe kwa kughushi afya.

5. Karani ahamishiwe chumba cha maiti, ambako wateja hawana haraka.

Nisalimie wahudumu wote, pamoja na mama wa usafi anayenisogeza miguu kwa fagio bila kunitazama.

Wako katika subira iliyobaki kidogo,
Mwalimu mstaafu, mjomba wa mgonjwa

N.B. Mpwa wangu ameisoma barua hii akacheka hadi kikohozi kikamshika. Kisha akasema, "Mjomba, hapo umemtwanga asiyehusika." Kumbe daktari ndiye aliyeandika saratani ya pafu kabla majibu ya kinyama hayajatoka, na yalipotoka hakurekebisha. Karani haruhusiwi kubadili neno la daktari wala kubahatisha. Amempigia simu daktari huyo mara kadhaa, na jana akampigia mpwa wangu kumwomba radhi kwa ucheleweshaji. Mimi hakunitajia, maana sikumpa nafasi ya kusema. Basi yafute malalamiko yote, la tano kwanza. Mpelekee daktari faili leo, aandike jina sahihi la ugonjwa na kutia sahihi.