Bwana Harusi Ameingia Mara Mbili

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika mbele ya kina mama wote wa Bongwe, na hata buibui sijalivua ninapoandika haya.

Ilikuwa harusi ya binamu yangu Mwanaisha. Mamake anafanya kazi Omani na hakupewa ruhusa ya kuja. Wiki nzima alikuwa akinipigia simu na neno lake ni hilo hilo: "Mwanangu, nyingine zote sitaki. Nataka ile picha bwana harusi akimpa mkono mwanangu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kamera ninayo na ufundi ninao. (Ufundi wenyewe nimeupata kwenye video za mtandaoni, ila hilo sikumwambia.)

Harusi zetu mnazijua. Ndani ni wanawake watupu, vichwa wazi, kwa hivyo simu zote hukusanywa mlangoni. Leo zilitiwa kwenye sufuria ya pilau, na kando yake akawekwa bibi mmoja asiyejua mzaha. Kamera ikabaki moja tu nyumba nzima. Yangu!

Nilianza na picha za hina, uani, jua la kupasua kichwa. Nikazungusha kidude cha juu hadi kwenye manuali, ile ya kujipangia mwenyewe, nikaubana mwanga, picha zikatoka safi. Shangazi Mwanasiti, msimamizi wa shughuli, akaja kuchungulia.

"Mwanangu, hii haina ile ya kujipigia yenyewe?"

"Otomatiki? Shangazi, hiyo ni ya watalii wa Diani!"

"Haya. Wewe ndiye mjuzi."

(Alivyolitamka hilo neno, mwenye akili angeshtuka.)

Kina mama nao wakanizonga. Huyu anataka kujiona, yule anataka tumbo lipunguzwe. Nikakizima kioo cha nyuma cha kamera ili nifanye kazi kwa amani.

Mara vigelegele! Bwana harusi Bakari amefika kutoka msikitini. Wanawake wakajitanda, wakamzuia mlangoni mpaka akatoa pesa za kifungua mlango, akaingia chumbani. Mapazia yamefungwa, taa moja tu. Akaweka mkono kwenye paji la uso la Mwanaisha, akasoma dua; ndiko kumpa mkono kwenyewe. Nami nikapiga! Nikachuchumaa, nikapanda kigoda, nikapinda mgongo kama wale wa kwenye video. Bakari akatoka kwenda kula na wanaume.

"Hebu tuone," akasema Shangazi.

Nikawasha kioo. Nyeusi. Ya pili, nyeusi. Ya tatu nyeusi pia, ila kwa mbali kulikuwa na kitu kama jino. Mwanga nilioubana kule juani sikuufungulia!

Bibi wa sufuria akauliza kwa upole, "Kwani stima zilipotea?"

Sikucheka. Nilimfikiria mamake Mwanaisha huko aliko, machozi yakanilenga.

"Muiteni bwana harusi arudi," akaamuru Shangazi.

Akaja, mdomo umejaa, ametolewa kwenye biriani. Akakuta mlango umefungwa.

"Umekuja na nini, bwana?" wakamuuliza kutoka ndani.

"Si nimeshatoa?"

"Ulitoa cha kuingilia kwanza. Hiki ni cha pili."

Mifuko mitupu. Wakamwambia basi aimbe. Maskini akaimba kaswida, akakwama katikati, wanawake wakamsaidia kumalizia huku wanajishika mbavu. Alipofunguliwa akauliza nani amemwita. Vidole vyote vikanielekea mimi.

Shangazi akainyakua kamera, akakizungusha kidude mwenyewe hadi kwenye alama ya kijani, akanirudishia. "Bonyeza. Usiguse kitu kingine."

Bakari akaweka tena mkono, nikabonyeza. Taa ya kamera ikamweka yenyewe, picha ikatoka angavu, Mwanaisha akitabasamu kama mwezi. Alhamdulillahi! Simu ya Shangazi ikatolewa kwenye sufuria, picha ikahamishiwa humo na kutumwa Omani hapo hapo. Jibu likaja la sauti, naye Shangazi akalifungulia mpaka mwisho, chumba kizima kisikie.

"Mashallah, mashallah. Nimelia mimi! Mpiga picha Mungu ambariki, hakuna kilichompita. Lakini hebu niambieni, huyo mkwe wangu mbona ana punje za wali kwenye ndevu?"

Kuanzia leo mimi ni mtalii wa Diani. Anayetaka kucheka, akachekee kwao.