Nafasi Moja ya Kwenda Kasarani

Jumamosi, 18 Juni 1994

Naanza kuandika leo. Kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza naogopa makosa hata nikiwa peke yangu.

Habari kubwa: jana paredi Mwalimu Mkuu, Bwana Nyamwange, alitangaza kwamba shule yetu inaomba kuandaa mashindano ya mpira ya zoni. Kamati itakuja Ijumaa, tarehe moja Julai, kukagua uwanja. Tukipewa, mwezi wa nane shule itapelekwa Nairobi kuona mechi ya kimataifa uwanja wa Kasarani. Lori lina nafasi ishirini na tano. Wachezaji na walimu wanachukua ishirini na nne. Imebaki moja. Ni ya mwanafunzi atakayeufanyia uwanja kazi kuliko wengine wote.

Naitaka. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Niungame: mpira wenyewe siujui. Mambo ya kuotea nimeelezwa mara nne na bado naona refa anaonea watu. Ninachotaka ni uwanja. Ofisini kwa Mwalimu Mkuu kuna kalenda yenye picha ya Kasarani, viti vimezunguka kama bakuli. Wanasema watu elfu sitini wanaingia. Hapa Boito nikienda dukani watu wanne wananiuliza naenda wapi, na wa tano anamwambia mama nilikopita. Mwalimu akitaja jina langu darasani masikio yanawaka moto. Lakini kati ya watu elfu sitini, nani ataniangalia mimi? Nitakaa tu. Dakika tisini bila kuonekana!

Tatizo: Quinter Adoyo. Baba yake ni fundi wa mitambo kiwanda cha chai. Quinter ana sauti ya kutosha watu watatu. Naye anaitaka hiyo nafasi. Amemwambia kila mtu.

Jumapili, 19 Juni

Mungu yupo. Mama alinunua nyama, nyama ikafungwa kwa gazeti la juzi, na gazeti lilikuwa na habari za Kombe la Dunia kule Marekani. Kuna uwanja mkubwa Pontiac ambao una paa. Ndani nyasi hazioti. Wazungu wamefanya nini? Wamepanda nyasi nje, kwenye masanduku ya pembe sita, halafu wakayabeba na kuyapanga ndani kama vigae. Leo kuna uwanja, jana hakukuwa!

Sasa. Uwanja wetu una nyasi kila mahali isipokuwa golini upande wa chini. Pale ni matope. Mvua ya Boito inanyesha kila saa nane mchana kama mtu aliyeajiriwa. Kipa wetu, Opondo, akidaka mpira anarudi na kilo mbili za udongo. Mwalimu Mkuu alisema wazi kwamba kamati itatukatalia kwa sababu ya goli hilo.

Nyumbani tuna malisho ya ng'ombe. Nyasi fupi, nene, kijani kibichi. Nimesoma gazeti mara tatu, damu ya nyama na yote.

Jumatatu, 20 Juni

Mwalimu Mkuu amesoma paredi barua aliyoipelekea kamati. Ameyaita mashindano ya kimataifa. Mwalimu mmoja akauliza, kwa heshima, ukimataifa umetoka wapi, maana shule zote sita zinaonana kwa macho. Mwalimu Mkuu akajibu kwamba shule ya ng'ambo ya mto ina wachezaji wawili waliozaliwa Uganda. Tukapiga makofi.

Quinter ameanza kuokota mawe uwanjani, akiimba. Anaokota jiwe moja kwa wimbo mmoja. Watu wanamwona. Hiyo ndiyo tofauti yetu: yeye anafanya kazi ndogo kwa sauti kubwa.

Jumatano, 22 Juni

Kazi imekwisha. Nimekata vipande sitini kwa panga, kila kimoja pembe sita. Pembe nne zingekuwa rahisi, lakini Pontiac hawakufanya rahisi. Nimebeba kwa kikapu cha kuchumia chai, safari kumi na tano, asubuhi kabla ya masomo na jioni baada ya masomo. Kila aliyeniuliza nabeba nini nilimwambia ni majani. Si uongo.

Goli limekuwa kijani. Nilisimama pembeni nikaliangalia. Nusura nilie. Mwalimu Mkuu akapita, akauliza ni kazi ya nani. Nilitaka kusema. Mdomo ukakataa. Quinter alikuwa karibu na jiwe lake, na Mwalimu Mkuu akamwambia hongera. Naye Quinter akasema asante, mwalimu!

Mtu wa kuimba na jiwe mkononi.

Ijumaa, 24 Juni

Mambo mawili mabaya.

La kwanza. Jana mvua ilinyesha sana, na uwanja wetu una mteremko. Leo mazoezini Opondo aliruka kudaka mpira, akatua juu ya nyasi zangu, nyasi zikaondoka naye. Alipita katikati ya milingoti amelala chali juu ya zulia, mpira kifuani, akaenda kukwama kwenye ua wa miti wa shule. Refa akahesabu goli. Vipande vingine vilimfuata polepole. Jioni vyote sitini vilikuwa vimerundikana uani na golini kulikuwa matope matupu, safari hii yaking'aa.

Wazungu wana paa. Hilo gazeti lilisema, mimi nikaruka.

La pili. Mama alienda kwenye malisho. Aliporudi aliniuliza kwa upole, na mama akiuliza kwa upole ni hatari, kama nimewahi kuona nyuki wakubwa kama mbuzi. Maana malisho yetu yamekuwa sega. Akasema Malkia, ng'ombe wetu wa kahawia, ameingiza mguu kwenye matundu mawili na leo ametoa maziwa nusu. Nimepewa adhabu: kuchuma chai kila jioni mpaka nitakapoambiwa, na kumkatia Malkia majani kwa mkono.

Nafuu moja tu: Mwalimu Mkuu anadhani zulia lilikuwa la Quinter. Amemwambia paredi nzima ikisikia kwamba hongera ile ameirudisha.

Jumanne, 28 Juni

Siku tatu zimebaki. Matope ya golini yamefunikwa na maranda ya mbao, wazo la Quinter, na lazima nikubali ni wazo zuri. Nimekubali hapa tu.

Lakini laini hazijachorwa. Pesa za chokaa zilikuwapo, Mwalimu Mkuu anasema, kisha zikawa za kuku wa wageni. Quinter akaleta jivu la jikoni, ndoo tatu. Jivu juu ya nyasi zilizolowa halionekani kabisa. Ukisimama kona huijui kona.

Nilifikiri hivi nikichuma chai. Kitu cheupe. Kisicho cha kununua. Kilicho kingi kwetu.

Magadi! Mama ana magunia mawili stoo, ya ng'ombe kulamba. Nimesaga kiganja kimoja kwa jiwe. Kama unga wa ngano. Nimemwaga nyuma ya choo mstari wa hatua tatu, nikarudi nyuma hatua ishirini. Nimeuona vizuri sana.

Quinter aokote mawe.

Alhamisi, 30 Juni

Nimechora jioni, wanafunzi wengine wameenda kuogelea mtoni. Kamba, vigingi, kopo lenye matundu. Mstari wa pembeni umenyooka kama sindano. Maboksi yote mawili. Duara la katikati nililichora kwa kamba na kijiti mpaka likawa mviringo kamili, na mwalimu wa hesabu alisimama akalitazama muda mrefu akasema sasa ameona faida ya kazi yake.

Safari hii nimejipanga. Nimeandika jina langu kwenye karatasi, "Kazi hii ni ya Bilhah Chepchumba, kidato cha pili," nikaiingiza chini ya mlango wa Mwalimu Mkuu. Sikuhitaji kufungua mdomo.

Magunia yote mawili yamekwisha. Mama hajui. Malkia ndiye anayejua. Tangu jana ananinusa mikono.

Ijumaa, 1 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Kamati ilifika saa nne, watu watano, wamevaa tai. Mwenyekiti ni Mzee Ombati, aliyestaafu kazi ya mifugo. Mwalimu Mkuu akawapeleka uwanjani, shule yote nyuma. Jua lilikuwa limewaka. Laini zilimetameta. Mwenyekiti akasema hajaona laini kama hizi hata mjini. Nikahesabu moyoni: mimi, lori, Kasarani.

Kisha Malkia akatokea kona ya chini.

Hakukimbia. Aliinamisha kichwa juu ya kona na kuanza kulamba, akafuata mstari, taratibu, kama karani anayesoma daftari. Nyuma yake wakaja wa jirani. Halafu wa jirani wa jirani. Kumbe upepo ulikuwa umepeleka harufu kijiji kizima. Nilihesabu thelathini na mmoja. Hakuna uwanja duniani uliowahi kuwa na washika vibendera wengi hivyo. Kwenye boksi waliingia wanane, wakasukumana kwa ajili ya nukta ya penalti. Fahali la mzee mmoja lilipata duara la katikati. Likalizunguka. Likalizunguka tena. Lilipomaliza duara halikuwapo.

Wavulana walipowafukuza, ng'ombe walikwenda hatua mbili, wakageuka, wakarudi kwenye laini.

Mwalimu Mkuu alikuwa amebadilika rangi. Akatafuta mtu. Akamwona Quinter amesimama na ndoo yake ya jivu. Karatasi yangu, nilijua baadaye, ilikuwa imenasa chini ya zulia la ofisi na hakuiona kamwe. Akamwambia Quinter, mbele ya kamati, kwamba ameiaibisha shule, kwamba asahau lori, na kwamba Jumatatu aje na baba yake.

Quinter, mwenye sauti ya watu watatu, aliweka ndoo chini. Alinitazama. Alijua. Jana aliniona na kopo, alikuwa hajaenda mtoni. Angeweza kunitaja. Hakunitaja.

Nikatembea mpaka mbele. Sijui miguu ilikuwa ya nani. Watu mia nne na ng'ombe thelathini na mmoja.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema. "Magadi ni yangu. Na ng'ombe wa kwanza ni wetu."

Kulikuwa na sauti ya kulamba tu.

Mzee Ombati akanisogelea. Nilifunga macho. Akaniuliza, "Huyo wa kahawia, mwanangu, anatoa lita ngapi?"

Nikamwambia kumi na mbili, wiki hii sita. Akauliza kwa nini sita. Nikamweleza habari za Pontiac tangu mwanzo. Aliniacha nimalize. Halafu akasema twende tukale, na kamati ikaenda kula.

Jumamosi, 2 Julai

Tumepewa mashindano!

Barua imesema tumekidhi vigezo vya kimataifa. Mwalimu wa michezo ametuambia vigezo ni vipi. Shule ya ng'ambo ya mto, ambayo nayo iliomba, iliwapa kamati chai ya rangi, bila maziwa, bila kitu cha kutafuna. Kwetu walikula kuku wanne, ugali, na samaki ambao mama yake Quinter alikaanga na Quinter mwenyewe akawaandalia. Laini, barua inasema, zichorwe upya kwa chokaa.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyeufanyia uwanja kazi kuliko wengine ni Quinter Adoyo. Kwa samaki.

Nimechuma chai mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Mama ameona stoo haina magadi. Sitaandika alichosema.

Jumatatu, 4 Julai

Quinter alinisubiri kwenye banda la kupimia majani chai. Nilidhani amekuja kunicheka. Akakaa juu ya kikapu chake akaniambia ana mjomba Nairobi, Kasarani ameshaenda mara mbili, na kwamba kiti cha kule ni simenti, jua linakupiga utosini, na mbele yako kuna mtu mrefu daima.

"Wewe chukua nafasi, Bilhah," akasema. "Usingesema ukweli, mimi siku ile ningerudi nyumbani nikapigwa."

Nilimpa muhindi wangu wa kuchoma wote.

Tukaenda kwa Mwalimu Mkuu pamoja. Akafikiri. Akasema sawa, lakini nafasi ina kazi yake: mwenye nafasi ndiye atakayetoa hotuba ya shukrani siku ya mashindano, mbele ya shule sita, chifu, kamati na wazazi. Dakika tatu. Huwezi kuchukua lori ukaacha hotuba.

Watu elfu mbili, wote wakiniangalia mimi, ili niende kukaa mahali ambapo hakuna anayeniangalia.

Nimesema ndiyo.

Jumanne, 5 Julai

Mama amekuwa mwema leo. Amesema kwamba Ijumaa nilisimama mbele ya watu nikasema ukweli na sikufa. Basi nisimame tu tena, niseme maneno yangu, niketi. Akasema angalau nimejifunza: kitu ukikifanya wazi na kwa njia ya kawaida hakikuletei balaa. Quinter amesema hivyo hivyo. Hata Mzee Ombati, tulipokutana njiani, alisema hivyo, kisha akamuulizia Malkia.

Nimewakubalia wote kwa heshima.

Kiptum wa duka ana redio kaseti inayotumia betri sita. Ataniazima. Hotuba nitairekodi nyumbani, peke yangu, mlango umefungwa. Siku yenyewe redio itakaa chini ya meza ya wageni, kitambaa kitashuka mpaka chini, nami nitasimama mbele nikisogeza midomo. Nimeshajaribu mbele ya kioo. Haijulikani kabisa!

Kaseti tupu sikupata, lakini Kiptum amenipa moja ya kwaya ambayo haisikilizi. Nitarekodi juu ya wimbo wa kwanza. Wimbo una dakika nne, hotuba yangu ni tatu. Inatosha, na dakika moja ya kwaya inabaki.