Cheti cha Kutokuwepo kwa Kasa

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba Ofisi ya Uratibu wa Mienendo ya Kasa Wachanga, Kaunti ya Santa Brigida, pwani ya mashariki ya Florida, ilifanikiwa chini ya uongozi wangu kujua waliko kasa wote baharini bila kumwona hata mmoja.

Naitwa Lyle Ogletree. Nilikuwa mkurugenzi wa ofisi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Kasa akishaanguliwa kwenye mchanga wetu huingia majini, na hakuna anayejua alikokwenda mpaka arudi akiwa mkubwa kama meza ya chai. Pengo hilo lilikuwa doa kwa utawala bora. Nikaliziba kwa kuchora mstari wa bluu unaofuata Mkondo wa Ghuba kuelekea kaskazini, umenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Tuliuita Njia Rasmi. Ukapakwa kwenye ukuta wa ukumbi wa wageni, na Baraza la Kaunti likaupitisha kwa kauli moja. Kasa hawakushirikishwa, lakini pia hawakuwasilisha pingamizi.

Kisha akaajiriwa Daktari Marisol Echeverri, binti wa Kikuba kutoka mji wa Hialeah, huku huku Florida, aliyekuja na wazo la ajabu: kuwafuata kasa wenyewe.

“Bosi, tunambandika kifaa kidogo mgongoni,” alinieleza. “Kinatumia jua, kinaongea na setilaiti. Kasa mwenyewe ndiye atakayetuambia yuko wapi.”

“Na akisema tofauti na ukuta?”

“Tutapaka ukuta upya.”

“Binti, unajua rangi ile ilipita vikao vingapi?”

Nilimruhusu kwa sababu niliamini atashindwa, na mwanzoni alinitii. Vifaa vilidondoka kila baada ya wiki mbili, kwa kuwa kasa mchanga hukua haraka na gamba lake huchubuka. Nikaunda Kamati Ndogo ya Unataji, itafute gundi inayoshika. Ilikaa miezi kumi na minne, ikapendekeza kasa wasikue.

Ng’ambo ya barabara kulikuwa na saluni ya kucha ya Bi Tuyet Lam. Siku moja Marisol alikwenda kutengenezwa kucha, amenuna kama mtu aliyeibiwa, akamwaga yote ya moyoni.

“Sasa hapo umekwama nini, dada?” Bi Tuyet alimuuliza. “Gamba na kucha ni kitu kimoja. Kwanza paka hii ninayowekea watu kucha za bandia, ikauke, ndiyo ubandike hicho kidude chako.”

“Na kamati je?”

“Kamati waje niwakate kucha. Nimewaona, ni chafu.”

Vifaa vikakaa miezi. Kasa, kila mmoja wa saizi ya kisahani, waliachiwa ndani ya Mkondo, mahali pale pale panapotakiwa kisheria, nao wakachepuka. Mmoja baada ya mwingine waliiacha Njia Rasmi, wakaishia katikati ya bahari, kule Sargaso, ndani ya mwani unaoelea, wenye joto, chakula na maficho. Niliwaandika kuwa watoro na kuwatumia barua za onyo. Posta walizirudisha kwa maelezo kwamba anwani haitoshi.

Jambo hilo lingeishia hapo kama si Bwana Royce Dantzler. Kampuni yake ilitaka kuvuna mwani ule ule kwa meli za mashine na kuufanya mbolea. Ili atumie bandari yetu alihitaji hati moja tu kutoka ofisini kwangu: Cheti cha Kutokuwepo kwa Kasa. Kwa mujibu wa ukuta, kule hakukuwa na kasa.

“Lyle, kaka yangu,” Dantzler alikuwa akiniambia, “ukuta haudanganyi.” Alikuwa mkarimu. Alinialika gofu, na kila Alhamisi kwenye boti yake kula kamba wa kukaanga. Mimi niliyaita hayo mashauriano.

Marisol aliingia ofisini bila kubisha. “Bosi, mashine ile inakomba mwani na kila kilichomo. Hawa watoto ni kama kiganja changu. Watasagwa wazima. Unanielewa? Wazima.”

“Hisia zako nimezipokea, Daktari,” nilimjibu. “Fomu sijaiona.”

Akatoka, akauacha mlango wazi. Kusema kweli, kamba wa Alhamisi ile hawakushuka vizuri. Lakini niliwamaliza.

Ili umma usiseme ofisi imelala, niliandaa hafla ya kuachia kasa kumi zaidi. Niliamuru kwamba kasa namba kumi na saba nimbandike kifaa mimi mwenyewe mbele ya kamera. Tulikuwa kwenye boti, maili kumi na mbili kutoka pwani, mawimbi yanarukaruka. Marisol alikuwa upande wa pili akiwaachia wale tisa. Mimi nilikuwa na kasa mkono mmoja, na mwingine una kifaa kilichopakwa gundi, upepo ulipoinua kofia yangu ya ukili. Nikaidaka. Wimbi likatupiga, kasa akaniponyoka akaingia majini, wapiga picha wakashangilia. Vidole vyangu vilikuwa vimeganda juu ya kofia. Nikavibandua kwa heshima inayolingana na cheo, nikaivaa. Sikujiuliza kifaa kimekwenda wapi. Mimi ni mrefu, futi sita na inchi nne, na hakuna mtu katika kaunti yetu aliyewahi kuniona utosi.

Baada ya siku tatu Marisol alikuja amekunja uso. “Bosi, namba kumi na saba ana shida. Yuko nchi kavu.”

Nilikaribia kumkumbatia. Huo ndio uthibitisho nilioutaka kwamba vifaa vyake ni takataka. Nikaagiza mienendo ya namba kumi na saba irekodiwe kwa wiki tatu na kuchapishwa, niisome kwenye kikao cha Baraza siku ya kuidhinisha Cheti. Sikuipitia kabla. Kupitia ni kazi ya wasaidizi.

Ukumbi ulijaa. Kanuni za Baraza hazitaki kofia, hivyo niliiweka mezani, nikasafisha koo.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, sikilizeni kasa wa Daktari Echeverri. Jumatatu, saa nne na nusu asubuhi, anatoka Mtaa wa Pelican. Saa tano, yuko kwenye maegesho ya Jengo la Kaunti. Saa sita kamili, anaondoka.” Nikatua. “Jamani, kasa gani mvivu namna hii?”

Watu walicheka. Nikapata moyo.

“Saa saba, uwanja wa gofu, shimo la tisa. Hapo kakaa saa mbili nzima! Jumatano, zahanati ya kuotesha nywele, dakika arobaini.” Wakacheka zaidi, na baadhi walinitazama upara. “Alhamisi, gati binafsi ya...” Nikageuza ukurasa. “Ya Bwana Royce Dantzler. Alhamisi iliyofuata... hapo hapo.”

Nilianza kusoma polepole. Dantzler aliinuka, akasema anatafuta hewa.

“Mheshimiwa,” nikasema, “nadhani picha imeeleweka.”

“Endelea, Mkurugenzi,” alisema Mwenyekiti, mama asiyecheka hovyo. “Tunamsikiliza kasa.”

Ndipo Bi Tuyet, aliyekaa mstari wa mbele, akanyoosha mkono. “Samahani, mama. Hicho kidude juu ya kofia ya mzee, hiyo ni gundi ya saluni kwangu. Ila kapaka vibaya, tabaka nene mno.”

Akaja, akaishika kofia na kuwageuzia watu upande wa juu. Waya mwembamba ulisimama kama sharubu ya paka. Chini yake imeandikwa: 17.

Kwa miaka kumi na tisa nilidai kujua waliko kasa. Sasa kaunti nzima ilijua niliko mimi.

Cheti hakikutolewa. Meli za Dantzler hazikupewa gati. Marisol alikabidhiwa ofisi yangu, na mimi, niliyebakiwa na miezi kumi na moja kustaafu, nikateuliwa Msaidizi wa Ndoo. Ukuta niliupaka chokaa mwenyewe, tabaka mbili.

Mwezi Juni Marisol alinichukua baharini, mbali sana, mpaka maji yakawa yamefunikwa mwani wa rangi ya asali. Akazima injini.

“Pale, mzee Lyle. Usipige kelele.”

Juu ya mwani alilala kasa mdogo kama kisahani, mapezi kayakunja mgongoni, anaota jua. Nilikuwa nimesaini nyaraka elfu kadhaa kuhusu kiumbe huyu. Sikujua kwamba hupumua kwa sauti. Nikajifanya nashughulikia ndoo.

Tulimpima, nikatoa fomu. “Anaelekea wapi, Daktari?”

“Hatujui bado.”

“Fomu ina kaskazini na kusini tu. Mimi ndiye niliyeibuni.”

“Basi andika pembeni.”

Nikaandika pembeni: hatujui bado. Nikatia saini, na kwa mazoea nikaanza kupapasa mifukoni nikitafuta muhuri.

Kasa hakusubiri.