Kikundi cha Kila Jumanne

Leo ni Jumanne, tarehe 3 Machi. Ni miaka mitatu na miezi miwili tangu niondoke nyumbani.

Mama watoto,

Ulisema nisikanyage mlangoni kwako kabla sijamaliza siku tisini bila pombe, tena ndani ya kikundi cha watu watakaonisuta nikidanganya. Nimekitafuta. Mlinzi wa geti la kambi yetu ya ujenzi alinituma zahanati, muuguzi akanituma ofisi ya ustawi, na karani wa ustawi akaniambia, "Una bahati, kaka. Kikundi kina sherehe leo saa nne, bwaloni. Nenda kaoge." Nikaoga. Hotuba ya Mkurugenzi wa Ustawi nakuandikia yote kama alivyoitoa, maana nikikusimulia kwa mdomo utasema nilikuwa nimelewa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye ametuma udhuru, Mheshimiwa Makamu wake, aliyekuja kumwakilisha na akaondoka, Mhandisi Mkuu, waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo na vijitengo, wanyapara, wapishi, na ninyi ndugu zangu mliokunywa, mnaokunywa na mnaotafakari kunywa, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Fundi chuma aliye jirani yangu ananinong'oneza: "Mimi niko fungu gani hapo?")

Nasimama mbele yenu nikiwa nimejawa na unyenyekevu, unyenyekevu ambao, niseme bila kujisifu, haujapata kuonekana katika sekta hii, ili kuizungumzia Programu Jumuishi ya Utengamao wa Watumiaji wa Vileo Mahali pa Kazi, Awamu ya Kwanza, iliyobuniwa na mimi, ikasimamiwa na mimi, na kufanyiwa tathmini huru, tena na mimi. (Makofi, meza kuu peke yake.) Kwa mujibu wa data tulizonazo, kikundi hiki kimekutana kila Jumanne kwa miezi ishirini na minne mfululizo, zikiwemo Jumanne zilizoangukia Jumapili. Waliohudhuria ni mia nne kumi na wawili, na waliopona ni mia nne na thelathini, yaani asilimia mia moja na nne, mafanikio ambayo wataalamu, kwa lugha yao ya kitaalamu, wameyaita makubwa. (Dereva wa kreni: "Kambi nzima tuko mia mbili!" Anaambiwa anyamaze, soda zinakuja.)

Kuhusu usiri, ambao ndio uti wa mgongo wa kikundi cha aina hii, nawahakikishia kwamba hakuna atakayejua kuwa wewe ni mlevi. Ndiyo maana mmejaza fomu yenye jina kamili, namba ya kazi na aina ya pombe, nakala tatu, moja ya mnyapara wako, na ndiyo maana mpiga picha anawasihi mlioko nyuma msijifiche kwenye bango. (Watu zaidi wanajificha kwenye bango.)

Wapo wanaouliza kikundi kinakutana chumba gani. Ni swali zuri, na nimelikataa. (Vicheko.) Chumba namba tisa kimetengwa, na kwamba kimejaa saruji mpaka darini ni ushahidi wa matumizi bora ya rasilimali. Wapo wanaouliza mwezeshaji ni nani. Mwezeshaji yuko kwenye mchakato, mchakato uko kwenye mpango mkakati, na mpango mkakati uko kwenye gari langu. (Muuguzi ameinama, mabega yanamcheza.)

Baada ya picha, kila mmoja atapokea cheti cha kupona, chenye tarehe ya mwaka jana ili kuokoa muda. Nikisema pombe, mseme chini. Pombe! (Sauti kutoka nyuma: "Chini ya kitanda!") Ustawi juu! Takwimu juu zaidi! Nawashukuru kwa dhati kwa kukubali kukalia viti hivi kwa niaba ya wanakikundi ambao, pamoja na jitihada zetu zote, hatukuwahi kuwa nao hata mmoja. Na kwa mamlaka niliyopewa natamka kwamba Awamu ya Kwanza imefungwa rasmi. Ahsanteni kwa kunisikiliza."

Imefungwa! Mimi nilidhani inafunguliwa. Gari lake likaondoka, nikabaki na cheti kinachosema nilipona mwezi wa nane mwaka jana, mwezi uleule uliponisikia kwenye simu nikimtongoza mama yako nikidhani ni wewe. Sikufichi, mke wangu: niliwaza kupanda gari kesho na kukuletea karatasi hiyo. Nikaichana kabla wazo halijanoga.

Fundi chuma akaniuliza, "Wewe kweli ulifuata kikundi?"

"Ndiyo."

"Mimi nilifuata soda." Akakikunja cheti chake mara mbili. "Naongopa. Soda sinywi."

Dereva wa kreni akasogeza kiti. "Una siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mimi tangu asubuhi."

"Asubuhi ya lini?"

"Ya leo, bwana, usinichimbe!"

Muuguzi akafunga mlango, akasema hapa hakuna fomu wala picha, aanze anayetaka. Tulikaa mpaka king'ora cha kazi kikalia. Yaliyosemwa sikuandikii, tumekubaliana hayatoki. Yangu utayasikia kwangu.

Zile siku kumi na moja nilikuwa peke yangu, kwa hiyo sizihesabu. Hesabu yako inaanza leo, na siku ya tisini ni tarehe 31 Mei. Tarehe mosi Juni napanda gari, tarehe tatu nitakuwa mlangoni. Nikiteleza katikati, nitakuandikia tarehe nyingine.